Neno Chini ya Picha ya Mwisho

Vijana wa hapa Kindu wakiniuliza habari za michoro ya yaya wangu, huniuliza wakicheka. Wamesikia kwa wazee wao kwamba zamani kulikuwa na karatasi ya hadithi iliyobandikwa kwenye ubao wa komini, na kwamba muntu wa usalama alichanganyikiwa nayo. Wanataka nicheke nao. Basi nacheka kidogo, maana adabu ni adabu, kisha nawaambia nimechoka, waende zao. Wala sisemi uongo. Nimechoka tangu enzi zile zile.

Enzi zile nilikuwa daktilo, mpiga mashine, katika ofisi ya komini, yaani serikali ya mtaa, ya Mikelenge. Asubuhi hadi saa tisa nilipiga matangazo ya Chama. Salongo Jumamosi, kila muntu aje na panga lake. Animasyo Jumatano, kila muntu aje kuimba na kucheza, atakayekosa atajieleza. Asiitwe muntu bwana wala madamu, sote ni sitwayeni, wananchi. Nilipiga kwenye stensili, kisha nikazungusha mkono wa ronewo, mashine ya kunakili, mpaka bega likawaka moto, na wino ule uliingia kwenye kucha usitoke hata kwa majivu. Jioni nirudi nyumbani, niteke maji, nipike sombe, nilale. Jumamosi twende tukakate majani yale yale tuliyoyakata Jumamosi iliyopita. Majani hayachoki, sisi ndio tuliochoka, na ukimwambia mkubwa umechoka anakuuliza umechoshwa na nani.

Yaya wangu alikuwa mchoraji. Kwetu mkubwa wako wa tumbo moja ni yaya, awe mwanamume au mwanamke. Huyu alikuwa mwanamume, mrefu, mwembamba, mwenye kucheka mbele ya maneno yake mwenyewe. Chama kilimpa vitambaa vyeupe aandike maneno ya kusifu, naye aliyaandika vizuri, herufi zimesimama barabara. Alisoma sekondari kwa mapadri miaka michache, baba akafa, masomo yakaishia hapo. Kifaransa alikijua jinsi muntu anavyojua wakwe zake: salamu nzuri sana, lakini kukaa nao siku nzima hawezi. Tuliishi watatu, yeye, mimi na mama.

Siku zile wasafiri wa treni kutoka kusini walileta vitabu vya hadithi za picha, vya Kifaransa, vimechakaa, vingine bila jalada. Yaya alikuwa akivipokea sokoni na kuvisoma mpaka karatasi zikawa laini kama kitambaa. Siku moja akasema, "Miye nitafanya ya kwetu." Nikamwambia afanye basi, nani amemshika.

Mama alikuwa na msemo wake wa kututisha tusiropoke: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Yaya aliuchukua msemo ule akaufanya sheria ya nchi nzima. Akaiita Nchi ya Lisemwalo. Katika nchi ile kitu kikisemwa kipo, na asiyesemwa huanza kufutika, vidole vya miguu kwanza. Daraja la nchi ile halikuwa na misumari. Vikongwe walikaa ukingoni kwa zamu wakilisimulia ili lisianguke, na mmoja akikohoa katikati ya neno, ubao unadondoka mtoni. Kulikuwa na msichana aliyebeba kibuyu cha maneno yaliyosahauliwa. Na adui yao alikuwa muntu mnene asiye na mdomo, jina lake Kimya, anayemeza majina ya watu.

"Mbona hana mdomo?" nilimuuliza.

"Ili asifanane na muntu," akasema. "Hapa kwetu kila mukubwa iko na mudomo."

Tulicheka, lakini kwa sauti ya chini.

Yeye alichora kwenye stensili kwa ncha ya msumari, mimi nikapiga maneno katika nafasi alizoniachia. Mkuu wa komini alipoiona karatasi ya kwanza tulidhani tumekwisha. Akaisoma, akacheka mpaka akafuta macho, kisha akasema tuibandike kwenye ubao wa matangazo, maana watu hawayasomi matangazo. Waje kwa ajili ya msichana, wakutane na salongo. Na kweli walikuja. Wasukuma baiskeli walikuja, na wanafunzi, na wauza mihogo wenye karai kichwani. Anayejua kusoma aliwasomea wasiojua, na wakifika kwenye picha ya daraja watu waligeuka vikongwe, kila mmoja akitaja ubao wake. Niliwasikia kupitia dirisha langu. Katika ofisi ile yote, hicho ndicho kitu pekee ambacho hakuna aliyelazimishwa kukifanya. Niseme wazi: nilifurahi. Nilichoka, na nilifurahi.

Sasa lile neno. Katika vitabu vile vya Kifaransa, mwisho wa ukurasa wa mwisho huandikwa *à suivre*, neno kwa neno ni ya kufuatwa, yaani hadithi haijaisha. Yaya akaniuliza kwa Kiswahili tuweke nini. Nikamwambia, "Itaendelea. Ni neno moja tu."

"Itaendelea njo neno ya redio," akasema; njo kwetu ni ndiyo. "Wafaransa wameweka A mbele. Na siye tuweke A."

Akaandika kwa herufi kubwa: AFUATWE.

"Yaya, afuatwe ni muntu," nikamwambia. "Hadithi ni ifuatwe."

"Wacha weye na sarufi yako. Ile A njo yao, tumeiazima."

Ukaidi wa yule mtu, Mungu anajua. Nikaacha. Na kumbuka kwamba picha ya mwisho ya kila karatasi ilikuwa sura moja kubwa, sura ya muntu mpya aliyeingia katika hadithi wakati huo, ili wasomaji waondoke wakiulizana huyu ni nani. Sura hizo alizitoa wapi? Alizitoa mjini. Yaya hakujua kuchora muntu ambaye hajamwona. Kwa hiyo kila karatasi ilikwisha hivi: sura ya muntu wa Kindu, na chini yake, kwa herufi kubwa, AFUATWE.

Jirani yetu alikuwa mjane muuza samaki wa kukaushwa, mwanamke mnene mwenye mdomo mkali. Yaya alimchora akiwa mlinda lango wa Nchi ya Lisemwalo. Siku chache baadaye alikuja kibarazani kwetu akijipepea kwa kanga.

"Jamani, miye nimepata muchumba!" akasema. "Kijana mwenye viatu. Nikienda sokoni yuko nyuma. Nikivuka mto kwenda Alunguli anapanda mutumbwi wangu. Samaki hanunui, salamu hatoi. Anaangalia tu."

Tukamtania sana. Mama alimwambia asimkatae haraka, vijana wenye viatu hawako wengi. Yule kijana tulimjua sote. Alikuwa wa usalama, amehamishwa kutoka mbali, chini huko mtoni, Kiswahili chake bado kigumu mdomoni. Muntu anayesimama bandarini na viatu vyake siku nzima bila kununua wala kuuza, utamwita nani? Tukadhani mjane amempendeza kweli.

Baada ya mjane yaya alimchora mzee wa magongo, mlinzi wa zamani wa stesheni. Naye tukasikia amempiga mwizi gongo la mgongoni, mwizi mwenyewe kijana mwenye viatu. Hapo bado hatukuelewa, tulicheka tu.

Aliyeelewa kwanza ni mimi. Ilikuwa mchana, mkuu amekwenda kula, niko peke yangu na mashine. Kijana yule akaingia, akafunga mlango polepole, akatoa karatasi ya hadithi mfukoni mwa shati, imekunjwa vizuri. Akaiweka mbele yangu na kuonyesha sura ya mwisho kwa kidole.

"Sitwayeni," akasema, "huyu wa sasa iko na miwani, ao hana? Wino yenu njo mubaya."

Nilimtazama. Nikaitazama sura, nikalitazama neno chini yake.

"Pahali pengine amri inakuja ndani ya bahasha," akaendelea, tena kwa heshima. "Hapa inakuja kwenye ukuta. Ni akili nyingi. Watu wote wanaona, hakuna anayejua. Wakubwa wa Bukavu wamefurahi na raporo zangu."

Bukavu ndiko tulikotawaliwa siku zile, Maniema yetu ilikuwa bado chini ya mkoa wa Kivu. Nikaelewa kwamba ameshaandika, na walioandikiwa wamesoma. Sikuthubutu kumwuliza anadhani amri inatoka kwa nani. Zamani zile kitu kikitoka juu kimetoka juu, hakuna aliyeinua kichwa kutazama. Nikamwambia nitauliza kuhusu miwani. Akashukuru, akaenda.

Nyumbani nilimweleza yaya. Alicheka. Alicheka mpaka akaketi chini, akapiga goti, akasema, "Afuatwe! Yo, mama yangu, afuatwe!" Kisha akaona uso wangu, na kicheko kikakatika.

"Mwambieni kweli," mama akasema. "Mwambieni ni hadithi, yaishe."

"Mama," yaya akasema, "muntu ameshaandikia wakubwa wake kwamba anamfuata muuza samaki kwa amri ya Chama. Leo miye niende nimwambie, baba, ile ilikuwa katuni. Atacheka? Ataenda Bukavu aseme alifuata katuni?"

Mwenye aibu ni mbaya kuliko mwenye hasira, hilo tulilijua wote watatu.

Basi yaya akaacha sura za watu. Karatasi iliyofuata ilikwisha na ngoma yenye miguu. Tulidhani tumetoka salama. Kijana akaja ofisini, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Ngoma yenye miguu," akasema, "njo yule anayepiga ngoma kwenye animasyo? Miguu yake iko nyembamba vilevile." Na akamfuata yule maskini, mpaka mpiga ngoma akaanza kukosea mapigo mbele ya wakubwa. Yaya akachora samaki mwenye masikio. Nikaogopa kwenda sokoni nisije nikaona nani amefuatwa.

Tukaona bora tuache kabisa. Wasomaji walikuja, wakakuta salongo peke yake ubaoni, wakaondoka wakinung'unika. Wengine walinifuata dirishani: je, daraja limeanguka? Msichana amefika? Nikawaambia ronewo ni mbovu. Kijana wa usalama naye akaja, akaketi kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa.

"Juu wamenyamaza," akasema. "Bukavu wanauliza. Wakiendelea kunyamaza itabidi nichague miye mwenyewe. Na miye sijui watu wa hapa. Nitachagua mubaya ao muzuri, sijui." Hakusema kwa kutisha. Alisema kwa uchovu, na ule uchovu wake ulinitia hofu kuliko angepiga meza, kwa sababu niliufahamu. Ulikuwa kama wangu.

Jioni ile yaya alikaa mbele ya stensili tupu, msumari mkononi. Sikumwona akihangaika vile hata siku ya kumzika baba. Mwishowe akaniomba kioo.

"Cha nini?"

"Nimetafuta Kindu yote sura isiyo na mwenyewe," akasema. "Hakuna. Basi nitachora ile nisiyohitaji kuiombea ruhusa."

Nilikasirika. Nilimwambia ni mjinga, nilimwambia mama atakufa, nilimwambia maneno ambayo dada hamwambii yaya wake. Mama alikaa mlangoni akichambua mchele. Yaya akajichora. Alijichora vizuri, na masikio yake makubwa yote mawili. Asubuhi nikaizungusha ile karatasi kwenye ronewo, maana nisingeizungusha angekwenda kuibandika stensili yenyewe.

Hivyo kijana akaanza kumfuata yaya wangu.

Siku za kwanza alimfuata kama walivyomfundisha, mbali, akijificha nyuma ya migomba isiyoficha kitu. Lakini yaya hakuwa mtu wa kutembea kimya. Akitembea alizungumza, na kwa vile alijua nani yuko nyuma, alizungumza kwa sauti. Alikuwa akisimulia njiani hadithi ile ambayo hakuichora: jinsi msichana alivyofika darajani, jinsi kikongwe wa mwisho alivyopata kikohozi, jinsi Kimya alivyosimama upande wa pili akingoja majina. Kila siku kijana alikuwa karibu zaidi. Hakutaka neno limpotee. Mvua ikapita, jua likarudi, nikawaona wanatoka mtaa wa Kasuku pamoja, bega kwa bega, na kijana amebeba kopo la rangi la yaya.

Mama akawatazama kutoka kibarazani. "Huyu anamufuata," akasema, "ao anafuatana naye?"

Tulicheka tena, baada ya siku nyingi. Nilijiambia pengine hivi ndivyo itakavyokwisha, watakuwa marafiki, kijana atahamishwa, na sisi tutarudi kwenye uchovu wetu wa kawaida. Nilikuwa nauomba ule uchovu wa kawaida kama muntu anavyoomba mvua.

Lakini afuataye muntu lazima aandike, na yaya hakuwa akifanya kitu cha kuandikwa. Alipaka rangi vitambaa, alikula, alizungumza. Kijana akaandika alichosikia. Aliandika kwamba muntu huyu anasema iko nchi moja ambamo watu wote wako hatarini kufutwa. Kwamba mkubwa wa ubaya hana mdomo na ni mnene. Kwamba iko msichana anayekuja kumwangusha. Aliandika kwa uaminifu, neno kwa neno, kwa sababu hadithi ilikuwa imemwingia, akatamani na wengine waisikie. Na wakubwa wa Bukavu wakaisoma. Ee Mungu wangu! Wewe waza, enzi zile, umeketi kwenye kiti cha mkubwa, unasoma kwamba mnene mmoja anakuja kuangushwa.

Kijana akaja kwetu mchana, jua la saa saba, watu wamejificha ndani. Nilikuwa nimerudi kula. Yaya alikuwa uani anaosha brashi. Kijana alisimama, akakataa maji, akakataa kiti, kisha akakaa chini kwenye udongo, na suruali yake ile safi.

"Wanamutaka," akasema. "Gari itatoka Bukavu. Nimepata ujumbe kwa fonia." Fonia ni ile redio ya kuitana.

Yaya akaweka brashi chini. "Wanataka nini kwangu? Ni hadithi."

"Najua ni hadithi!" Kijana akapaza sauti, kisha akaishusha. "Najua tangu ile siku kikongwe alikohoa. Nililala nikilia kwa ajili ya ubao ule. Lakini nilikuwa nimeshaandika. Weye unajua kuchora. Miye najua kuandika raporo tu."

Mama akamwuliza wanaochukuliwa na gari ile hurudi lini. Kijana akamtazama, akatazama pembeni, na hilo likawa jibu.

Kisha akasema jambo alilokuja kusema. Ameshawajibu. Amewaambia kwamba alipokaribia kumkamata, mtuhumiwa aliruka kwenye mtumbwi kukimbilia Alunguli, mtumbwi ukapinduka, mto ukamchukua, mwili haujaonekana. "Njo hadithi peke yake nimetunga maisha yangu yote," akasema. "Sijui kama ni nzuri. Lakini gari ikifika, isikute muntu hapa. Ikute kilio. Kama nyumba hii haina matanga kesho, watajua nimedanganya, na siye wote wawili tutakwenda kwenye gari ile."

Nilisikia maji ya rangi yakidondoka kutoka kwenye brashi.

"Unataka nimulilie mutoto wangu mzima?" mama akauliza. "Nimuitie kifo kwa mudomo wangu?"

"Mama," kijana akasema, "tafazali." Alikuwa analia sasa, waziwazi, kamasi na yote. Sikumhurumia. Leo ninamhurumia, siku ile nilitaka kumpiga na mchi.

Yaya aliondoka alfajiri, ukungu bado uko mtoni. Alivuka hadi Alunguli kama ilivyoandikwa, ila mtumbwi haukupinduka. Kutoka pale aliwafuata wasukuma baiskeli wa njia ya Kampene, kwa wachimbaji, mahali ambapo muntu hujiita jina analolitaka na hakuna anayeuliza la zamani. Hakubeba karatasi wala msumari. Alinishika kichwa akasema, "Mudogo wangu, umwangalie mama." Nilitaka kumwambia mengi. Nilimwambia avae koti.

Mama alitandika mkeka uani. Nilimwona akikaa, akivua kilemba, akinyoosha miguu kama wafiwa. Nilijua hataweza kusema uongo, na hakusema. Hakutaja mto, hakusema amekufa. Alifumbua mdomo akapiga ukelele mmoja, "Mutoto wangu ameenda! Ameenda, ameenda!" na kila neno lilikuwa kweli. Majirani wakatoka mbio. Muuza samaki alikuja wa kwanza, akaangua kilio, akajitupa chini, baadaye akaleta kapu zima la samaki tupikie watu. Wanaume waliketi wakiwa na moto wao, wanawake na sisi. Wasomaji wa ubao walikuja, wengine siwajui. Kijana wa usalama alisimama barabarani, kofia mkononi. Gari lilikuja, wakubwa wakateremka, wakaona kilio, wakamwuliza mama mawili matatu. Mama alilia tu. Hakuigiza. Wakarudi garini.

Tulimaliza matanga kama ilivyo desturi. Watu walikula, wakatupa pole, wakatoa walichokuwa nacho, wakaenda. Na mimi Jumatatu nikarudi kwenye mashine, nikapiga tangazo la salongo.

Kijana alihamishwa, sijui wapi. Watu waliendelea kuniuliza msichana alifika wapi, na nilisema sijui, ingawa nilijua kidogo. Habari za yaya zilikuja mara mojamoja, kwa mdomo wa mchimbaji anayepita: yuko, anaumwa kifua, yuko. Kurudi hakuweza. Jina lake lilikuwa limelala kwenye kabati la Bukavu kama maiti, na angefufuka wangemtafuta yeye, wamtafute na kijana aliyemzika. Mama alifariki akimwuliza kila atokaye upande wa Kampene. Tulimzika bila mwanawe, maana maiti haibebi maiti. Kisha mwaka ukafuata mwaka, Chama kikiwa kile kile, na majani ya Jumamosi yale yale.

Siku moja mwanaume mwenye baiskeli ya mafuta ya mawese alisimama mbele ya nyumba, akaniuliza kama mimi ndiye dada wa mzee fulani wa Kampene mwenye masikio makubwa. Nikasema ndiyo. Akasema kifua kilimshinda. Wamemzika kule kule, vizuri, watu walikuwa wengi. Akanipa pole, akapanda baiskeli yake.

Nilikwenda kwa muuza samaki. Alikuwa mzee sasa, macho yameingia ukungu, lakini ndiye aliyelia wa kwanza mara ile. Nikamshika mkono nikamwambia, "Dada, yaya amekufa."

"Ehe," akasema. "Mto ule. Mungu amupumzishe."

"Hapana. Sasa hivi. Amekufa sasa hivi."

Akanigusa paji la uso kwa kiganja chake kikavu. "Umechoka, dada yangu," akasema kwa upole. "Yule tulimulilia. Samaki nilileta miye. Enda ulale kidogo."

Ningemweleza nini? Na nani mwingine angenisikia? Kwenye kaburi la yaya walikuwa watu wasiojua jina lake, na hapa kwetu waliojua jina lake walikuwa wameshamaliza machozi. Nikarudi nyumbani. Nikatandika mkeka uani, nikavua kilemba, nikanyoosha miguu. Nililia kwa sauti, kama inavyopaswa. Watu walipita barabarani na karai zao, wakatazama, wakaendelea na safari. Nikakaa pale mpaka jua lilipozama, na hakuna aliyekuja.